Nani Mwenye Rejea? Mapenzi, Utengano na Fursa ya Pili katika Riwaya Tatu za Wanawake wa Afrika ya Magharibi

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazopingana juu ya jambo lililokwisha kuharibika. Ya kwanza yasema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ya pili yasema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwenye kuacha na mwenye kuachwa waweza kuchagua hii au ile kwa kadiri ya haja zao. Lakini iko methali ya tatu isiyotoa nafasi ya kuchagua: mtalaka hatongozwi. Maana yake ni kwamba mume aliyemwacha mkewe hana haja ya kumbembeleza upya. Njia aijua, na mlango, kwa dhana ya wasemao, haukupata kufungwa.

Methali hii haikuzuka hewani. Katika sheria ya ndoa ya Kiislamu inayofuatwa pwani, mume aliyetoa talaka ya kwanza au ya pili anayo haki ya kumrejea mkewe maadamu eda haijaisha, pasipo ndoa mpya wala mahari mapya. Haki hiyo huitwa rejea. Mwanamke kwa upande wake anayo khului, yaani aweza kuomba kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari. Lakini khului ni njia ya kutoka, si njia ya kurudi. Kwa hiyo Kiswahili kina neno moja kamili la fursa ya pili katika mapenzi, na neno hilo limo mkononi mwa mwanamume.

Makala haya yanakusudia kuzipima riwaya tatu kwa neno hilo. Riwaya zenyewe ni Une si longue lettre (1979) ya Mariama Bâ wa Senegal, ambayo msomaji wa Kiswahili aijua kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii katika tafsiri ya Clement Maganga. Changes (1991) ya Ama Ata Aidoo wa Ghana. Na Stay With Me (2017) ya Ayobami Adebayo wa Nigeria. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa Kiswahili, wala wahusika wake si Waswahili. Hata hivyo, eda, ukewenza na kurejeana ni mambo ambayo Kiswahili kinayo tayari pamoja na msamiati wake wote. Na kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili aweza kuyaona ndani ya riwaya hizi mambo ambayo msomaji wa Kifaransa au wa Kiingereza hulazimika kuelezwa.

Kabla ya kuziingia, yafaa kutaja kwamba hadithi ya mapenzi imedharauliwa na wahakiki wa pande mbili. Wa upande wa kwanza huiona kuwa ni kitu cha kupitishia wakati, kisichostahili kuwekwa kando ya riwaya za ukoloni na uhuru. Wa upande wa pili huikubali kwa sharti kwamba mhusika mwanamke aivunje ndoa na kuondoka peke yake. Asipoondoka, riwaya huitwa ya kurudisha nyuma ukombozi. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinatazama mwisho wa hadithi badala ya kumtazama mwenye kuuamua mwisho huo.

Barua ya kizuka

Ramatoulaye ni mwalimu na mama wa watoto kumi na wawili. Mumewe, Modou Fall, amekufa ghafla kwa maradhi ya moyo, naye amekaa eda ya miezi minne na siku kumi. Ndani ya eda hiyo ndimo anamomwandikia barua Aissatou, rafiki yake tangu utotoni. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa hali hii. Kizuka amjua, amepata kumwona mtaani kwake. Kwa hiyo hutambua mara moja kinaya ambacho juu yake riwaya nzima imejengwa. Modou hakumpa Ramatoulaye talaka. Alimwoa Binetou, msichana mwenzi wa masomo wa binti yake Daba, akahama nyumbani, asirudi kwa miaka mitano. Sasa sheria yamtaka Ramatoulaye amkalie eda mtu ambaye alikwisha kumfiwa angali hai.

Hapa Bâ anafanya jambo la werevu sana. Eda ya talaka ni muda ambamo mume hupata kufikiri: amrejee mkewe au asimrejee. Eda ya kifo haina rejea, maana mwenye haki amezikwa. Bâ anauchukua muda huo mtupu na kumkabidhi mwanamke. Ramatoulaye ndiye anayefikiri. Ndiye anayeirudia ndoa yake tangu ujana, akipima lililokuwa la kweli na lililokuwa la uongo.

Wanaotaka kuyakatiza mawazo hayo wanakuja kwa zamu. Siku ya arubaini anakuja Tamsir, kaka yake Modou, pamoja na imamu na Mawdo, kumwarifu kwamba atamwoa atakapotoka eda. Msomaji wa pwani ataona hapa jambo jingine: kumposa kizuka kwa maneno ya wazi eda ingali haijaisha ni jambo ambalo sheria yenyewe haimruhusu mwanamume. Anayekuja na imamu mkononi ndiye anayeivunja sheria. Ramatoulaye anamkataa kwa ukali. Baadaye anakuja Daouda Dieng, daktari na mbunge, mtu wa heshima aliyempenda kabla Modou hajatokea. Huyu anabembeleza, anangoja, na jambo lenyewe lina neema. Naye pia anakataliwa, kwa upole, kwa sababu mbili: Ramatoulaye anamheshimu lakini hampendi, na tena Daouda ana mke nyumbani.

Kukataliwa kwa Daouda ndiyo nguzo ya riwaya. Kumkataa Tamsir kungeweza kufanywa na mwanamke yeyote mwenye hasira. Kumkataa Daouda kwahitaji mwanamke aliyekwisha kujiuliza anataka nini. Fursa ya pili imo mle mle katika barua, ila haikuvaa kanzu ya bwana harusi. Imo katika urafiki wa Aissatou, ambaye mwenyewe alimwacha Mawdo alipooa mke wa pili, akasoma, akapata kazi ya ukalimani ubalozini Marekani, na kumnunulia Ramatoulaye gari wakati mumewe alipomwacha akihangaika na mabasi. Imo pia katika msamaha ambao Ramatoulaye anampa binti yake aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Bâ hamfungii mhusika wake mlango wa mapenzi; anachomnyang'anya mwanamume ni ufunguo tu.

Haki ya kukosea

Mariama Bâ alifariki mwaka 1981. Miaka kumi baadaye Aidoo alitoa riwaya ambayo yaweza kusomwa kama jibu gumu kwa swali lile lile. Esi ni mtakwimu katika idara ya serikali mjini Accra. Mumewe, Oko, analalamika kwamba kazi imemzidi ndoa, na asubuhi moja anamwingilia kwa nguvu. Esi akiwa ofisini anajaribu kufikiri jinsi atakavyowaeleza wazee tendo hilo, na anaona kwamba katika lugha ya kwao halina jina. Sehemu hii yapasa kusomwa kwa makini na kila anayefundisha lugha. Kiswahili kina neno kubaka, lakini desturi ya usemi imelizuia neno hilo mlangoni mwa nyumba ya ndoa. Ambalo halina jina halina shauri. Na Aidoo anaonyesha kwamba Esi anaondoka kwa Oko pasipo kuweza kumweleza mtu sababu kwa ukamilifu.

Kisha anakuja Ali Kondey, mfanyabiashara wa safari, mzuri wa sura na wa maneno. Ali ana mke, Fusena. Esi anakubali kuwa mke wa pili kwa hesabu yake mwenyewe: atapata mapenzi na wakati huo huo abaki na muda wake. Nyanya yake anamtahadharisha, lakini Esi anaendelea. Haupiti muda mrefu, Ali anakuwa mgeni wa safari nyingi na simu chache. Badala ya kuja yeye, yanakuja zawadi, na kubwa ya zawadi hizo ni gari jipya.

Magari haya mawili yanafaa kulinganishwa. Katika riwaya ya Bâ, gari linatoka kwa rafiki, nalo linamwondolea Ramatoulaye udhalili wa kutegemea. Katika riwaya ya Aidoo, gari linatoka kwa mume, nalo linakuja kuziba mahali pake. Lile kuukuu Esi anampa rafiki yake Opokuya, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akishindana na mumewe juu ya gari la nyumbani. Kwa mara nyingine kitu kinachomfaa mwanamke kimepitia mkono wa mwanamke mwenziwe.

Mwishoni Esi na Ali wanabaki kuwa marafiki wanaoonana mara kwa mara, na Esi hajui bado ni mapenzi ya namna gani yatakayomtosha. Wako watakaosema kwamba mwandishi ameshindwa kuimaliza hadithi. Kwa hakika hapa ndipo Aidoo anapomzidi Bâ kwa ujasiri. Ramatoulaye anachagua vyema. Esi anachagua vibaya, na uchaguzi unabaki kuwa wake. Haki ambayo mwenye nayo haruhusiwi kukosea si haki kamili, ni mtihani.

Jina la mtoto

Adebayo, aliye mdogo kwa umri kuliko wote watatu, anakwenda njia nyingine: anampa mume nafasi ya kujitetea. Yejide, mwenye saluni mjini Ilesa, na mumewe Akin wanasimulia kwa zamu. Miaka minne imepita bila mtoto, na jamaa wa Akin wanamleta Funmi awe mke wa pili. Yejide anabeba lawama yote, mpaka kupanda mlimani kutafuta muujiza. Kumbe kasoro ni ya Akin, ambaye ameificha siri hiyo na kumpanga ndugu yake Dotun ashike mahali pake bila Yejide kujua kwamba ni mpango. Watoto wanazaliwa, wawili wanakufa, na ugonjwa wa selimundu unaiandama nyumba. Wa tatu anaitwa Rotimi, jina la Kiyoruba linalomwomba mtoto akae. Mapokeo ya abiku, mtoto anayezaliwa ili afe na kurudi tena, yamelifanya jina kuwa ombi, na ombi hilo ndilo jina la kitabu.

Yejide anaondoka akiamini kwamba Rotimi naye amekufa. Mwaka 2008, kwa mwaliko wa Akin, anarudi Ilesa kwa mazishi ya baba mkwe wake, na huko anamkuta binti yake yu hai. Kwa sura yake ya nje hii ni rejea: mume amemwita mke, na mke amekuja. Lakini ndani yake mambo yamepinduka. Akin ametongoza nusu nzima ya kitabu, kwa maungamo na kwa majuto, na methali ya mtalaka haikumsaidia. Anayerejewa si yeye, ni mtoto. Neno la kukaa, ambalo mwanzoni lingeweza kudhaniwa ni la mume kwa mke, limeonekana kuwa la mama kwa bintiye.

Upungufu

Sifa hizi zisizuie kusema upungufu. Bâ mara nyingine huiacha barua ikawa hotuba. Adebayo hurundika misiba hata msomaji akapungukiwa na nguvu za kuomboleza. Lakini upungufu mkubwa ni wa riwaya zote tatu kwa pamoja, nao ni wa kitabaka. Ramatoulaye ana mshahara, Esi ana mshahara, Yejide ana saluni. Rejea ambayo waandishi wameiweka mkononi mwa mwanamke imelipiwa kwa pato lake. Binetou, aliyesukumwa na mamake aolewe kwa ajili ya mali, anatolewa katika nyumba aliyopewa na marehemu, na msomaji hapati kusikia barua ambayo yeye angeiandika katika eda yake. Maana naye pia ni kizuka wa mtu yule yule. Fusena, aliyeuacha ualimu kwa ajili ya ndoa, yumo pembeni mwa hadithi ya Esi, akisikika kwa shida. Funmi anakufa kabla hajafahamika. Mke mwenza katika riwaya hizi huonekana kama pigo lililompata mhusika mkuu, na kwa nadra sana kama mwanamke aliyevunjwa moyo naye.

Hitimisho

Waandishi wa kike wa Kiswahili, tangu Ndyanao Balisidya alipotoa Shida mwaka 1975 na Zainab Burhani alipotoa Mwisho wa Kosa mwaka 1987, wamekwisha kuthibitisha kwamba mwanamke aweza kuwa mwandishi wa riwaya, wala si mhusika wake tu. Kazi inayongoja ni ile ambayo riwaya hizi tatu zimeigusa bila kuimaliza: kumwandika mtalaka asiye na mshahara, asiye na gari wala rafiki ubalozini, aliyerudi kwa wazazi na sanduku moja, na ambaye mume akija kumrejea hana cha kumjibia isipokuwa kinywa chake. Lugha yenye neno rejea, eda, khului na kizuka haina udhuru wa kushindwa kumsimulia mtu huyo.

Mwalimu naye, anapoletewa na mwanafunzi hadithi ya mapenzi, asiulize kwanza kama wapenzi walioana mwishoni au waliachana. Na aulize nani alirudi kwa nani, na kama aliyerudiwa aliulizwa.