Nukta Zisizokubali Mbili

Mchoro uliochapishwa na Sergei Bachilo, Bruce Weisman na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, mwaka 2002, mimi huusoma kama shairi. Mhimili mmoja ni mwanga unaoingia katika mirija nano ya kaboni. Wa pili ni mwanga unaotoka. Kila aina ya mrija ni nukta moja, na kila nukta ina vipande viwili, kama mshororo wenye ukwapi na utao. Ukwapi mara nyingi jicho huuona. Utao ni infraredi.

Chukua mrija (6,5), namba zinazoeleza jinsi utando wa kaboni ulivyoviringwa. Humeza mwanga wa nanomita 570 hivi, hutoa wa 980 hivi. Gawanya: 1.7. Nadharia sahili, inayoihesabu kila elektroni kana kwamba iko peke yake, ilidai 2. Nukta moja ingesameheka kwa msokoto wa mrija wake. Lakini mirija inavyonenepa, athari ya msokoto hufifia, na uwiano bado hauifikii 2. Mwaka 2003 Charles Kane na Eugene Mele waliliita hili tatizo la uwiano, na kwangu huu ndio moyo wa mchoro: umbo lake linabisha nadharia iliyousimamia.

Mwanga ukiingia, elektroni hupanda na kuacha tundu. Hasi na chanya huvutana, na katika mrija wenye upana wa nanomita moja hivi hazina pa kutawanyikia. Hufungamana zikawa eksitoni. Elektroni zenyewe nazo husukumana. Kusukumana hupandisha nishati, kuvutana huishusha, na baki ya mvutano huo ndiyo inayoivuruga ile 2. Tsuneya Ando aliitabiri eksitoni hiyo mwaka 1997. Mwaka 2005 Feng Wang, Tony Heinz na wenzao waliipiga mirija kwa fotoni mbili kwa pamoja, wakafikia ngazi ambayo fotoni moja haiifikii, wakapima nguvu ya kifungo: takriban elektronivolti 0.4. Kwa kitu kigumu, hiyo ni kubwa mno.

Lawama yangu kwa mchoro ni ukimya wake. Mirija yenye tabia ya metali, theluthi moja ya aina zote, haing'ai, kwa hiyo haina nukta. Msomaji hudhani hapana kitu. Mwaka 2007, kwa kupima mwanga uliomezwa, Wang na wenzake waliikuta eksitoni hata humo, kifungo chake kama elektronivolti 0.05.