Fundi Rangi na Ukuta Mbichi

Mwenye nyumba ana haraka ya kuhamia. Plasta imekauka juu, ndani bado mbichi, na fundi rangi ndiye anayebeba lawama ya kusema, "Tusubiri." Saruji huhitaji takriban siku 28 kukomaa; rangi ya mafuta ikipakwa mapema, ukali wa saruji huila hadi ibanduke. Basi anabandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, na kesho yake anachungulia kama kimetoa jasho.

Ukuta ukikauka, anafagia chumvi nyeupe iliyojitokeza juu yake kwa brashi kavu, maana maji huirudisha ndani. Anaziba nyufa, anapaka puti, kisha anapiga msasa, kitambaa puani na nyusi zote nyeupe kwa vumbi. Taa anaishika ubavuni mwa ukuta ili kivuli kimwoneshe kila bonde. Hufuata praima inayostahimili ukali wa saruji, ndipo rangi ya maji.

Wageni watamsifu mwenye nyumba kwa kuchagua rangi nzuri. Lakini kila anayeegemea ukuta ule akaondoka bila unga mgongoni, ana deni kwa fundi aliyekubali kuonekana mzembe.