Mkono Unaofunga Saa

Anayestahili saa ya mzamiaji ni muuza nyama wa Soko la Burma, Nairobi, si bwana wa ofisini aliyeiagiza mtandaoni kwa bei ya pikipiki. Ya bwana huyu hukutana na maji anaponawa ili ale nyama choma. Muuza nyama hushinda na maji, damu na mafuta hadi viwikoni. (Lakini aivae mkono wa kushoto; mashine ya otomatiki haipendi mshindo wa shoka kwenye gogo.)

Jina la soko lenyewe, hapo kando ya Barabara ya Jogoo, lilitoka vitani. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles walipigana na Wajapani huko Burma, matopeni, katika mvua isiyokatika. Katika vita hivyo hivyo, jeshi la Uingereza liliagiza saa za mkono za kuzuia maji kwa makampuni 12 ya Uswisi, zikafika 1945, vita vikiwa ukingoni. Mwaka 1953 makampuni ya Blancpain na Rolex yakaipeleka kazi hiyo ya kuzuia maji chini ya bahari.

Ninachokipenda zaidi ni ile pete ya juu ya saa za mzamiaji, yenye dakika. Hugeuka upande mmoja tu. Ikigongwa kwenye mwamba, huonyesha muda mrefu kuliko uliopita kweli, na mzamiaji hupanda mapema. Aliyeibuni alijua chombo lazima kikosee siku moja, akakipangia kikosee kwa kumwokoa mtu.

Ndani ya saa ya otomatiki hamna betri. Kipande cha chuma kama nusu ya sahani huzunguka mkono ukisogea, kikikaza springi, na gurudumu la mizani, katika saa nyingi, hupiga mara 28,800 kwa saa. Haya yote hulindwa dhidi ya maji na mpira mwembamba kuliko uzi wa kiatu, ambao tangazo la mtandaoni halikuonyeshi kamwe. Picha ni za uso, uso, uso.

Fundi saa, lenzi jichoni, huanzia mgongoni. Hufungua kifuniko, huona upesi kama mashine ni ya jina lililoandikwa mbele, hufuta mfereji unaokaa mpira ule, huupaka grisi ya silikoni, huulaza bila kuupinda, kisha hukaza. Mpira ukiwa umekauka, fundi wa kweli hatafunga nao, hata umwapie kwamba huendi kuogelea.