Pongezi kwa Mafundi wa Diski Zilizokufa

Februari 1, 2003, chombo cha anga Columbia kilisambaratika kikirejea duniani. Wanaanga wote saba walifariki. Kati ya mabaki iliokotwa diski iliyoungua, yenye data za jaribio la gesi ya zenoni. Mafundi wa Kroll Ontrack, Marekani, walisafisha sahani zake, wakazihamishia kwenye diski nyingine na kuokoa takribani asilimia 99 ya data. Matokeo yalichapishwa 2008.

Kazi ya kila siku haina mbwembwe hizo. Seva ya ofisi yenye RAID 5, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, hustahimili kufa kwa diski moja tu. Ya pili ikifuata, data hazisomeki tena na mishahara imekwama. Fundi hakimbilii kutengeneza. Hunakili kwanza kila diski, sekta kwa sekta, kisha kwenye nakala hizo hutafuta mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande na mahali pa pariti, yaani data ya ziada ya kufidia diski iliyokufa. Subira hiyo ndiyo ninayoipongeza, hasa kwa kuwa mara nyingi mwenye seva huwa amekwisha kujaribu kuijenga upya mwenyewe, akafuta alichotaka kuokoa.