Mkono wa Fundi Katika Mwili wa Mnyama

Jina la Chang'ombe humpeleka msomaji wa pwani kwanza Dar es Salaam. Lakini iko Chang'ombe nyingine, kata ya jiji la Dodoma, makazi yaliyojijenga yenyewe kabla ramani haijayafikia, na jina lake nalo lina ng'ombe ndani yake. Mji wenyewe, kwa masimulizi ya Wagogo, umeitwa hivyo kwa ajili ya tembo aliyedidimia matopeni. Nyanda hizi basi zilikuwa na sanamu zake za wanyama kabla ya saruji. Zilisimamishwa kwa maneno, na hazijapata kuhitaji rangi.

Wanyama wa saruji walikuja baadaye. Twiga, simba na tembo wanaosimama katika bustani na nyua za mahoteli ya Tanzania aghalabu ni kazi ya mafundi wa mitaani, watu waliojifunza kwa kutazama na kwa kukosea. Mifupa yao ni nondo, mishipa ni waya na wavu wa kuku, nyama ni mchanga na saruji vilivyobandikwa kwa kiganja kabla havijakauka. Mtu akisogea karibu huona alama za vidole kwenye shavu la simba. Pengine huona pia kwamba fundi hakuwahi kukutana na simba popote ila kwenye noti ya shilingi 2000, ndiyo maana amempa uso wa mzee mwenye madaraka. Simba huyo anafaa kuhifadhiwa kwa uso huo huo.

Inapofika zamu ya kumkarabati, kinacholetwa mara nyingi ni kopo la rangi ya mafuta. Bustani inatarajia mgeni, simba anapakwa njano, ulimi unapakwa nyekundu, na kazi imekwisha kabla ya adhuhuri. Ufa uliokuwa mgongoni haukuzibwa, umefichwa tu. Dodoma hupata mvua chache, zisizofikia milimita 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji hayo machache huingia ufani yakaikuta nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, na kutu hudai nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Sanamu hupasuliwa kutoka ndani, na rangi iliyo juu huyazuia maji yasitoke. Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wameziona kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zilizokandikwa saruji kwa nia njema, zikashindwa kupumua, zikaoza.

Lakini hasara kubwa zaidi haipo kwenye nondo. Kila tabaka la rangi hujaza alama za vidole, huyanyoosha makunyanzi, huyafanya macho kuwa duara mbili nyeusi. Baada ya tabaka la tano simba yule hana tofauti na simba mwingine yeyote. Wapenzi wa ushairi wameyaona hayo katika miswada: mnakili huona neno la Kiamu au la Kimvita asilolijua, akalisawazisha kwa neno la Kiswahili sanifu, mizani ikabaki minane kwa minane, na mshairi akatoweka.

Upo mtazamo mwingine, nao haustahili kudharauliwa. Watoto wachungaji wa Ugogo hufinyanga ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe, na mvua ikimyeyusha ng'ombe huyo, mtoto hufinyanga mwingine. Hakuna anayemkarabati. Kinachodumu ni ufundi uliomo viganjani, wala si kitu chenyewe. Mtazamo huo unatosha maadamu viganja vipo na kuna anayevitazama; fundi akifa bila mwanafunzi, kilichobaki kwake ni kile alichokiacha uwanjani.

Mkoa wa Dodoma wenyewe una mfano mzito zaidi. Kaskazini, njia ya Babati na Arusha, iko Kolo, na kwenye miamba ya wilaya ya Kondoa wamechorwa twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu. Mary Leakey aliinakili michoro hiyo mwaka 1951, akaichapisha kitabuni mwaka 1983. UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikihesabu mapango zaidi ya 150. Mahali pengine juu ya wanyama wekundu wapo wanyama weupe, wa mkono mwingine na wa zama nyingine. Mkono huo wa pili hukuona haja ya ruhusa. Na hata sasa wapo Warangi wanaokwenda Mungomi wa Kolo kufanya tambiko, na pombe inayonyunyizwa huko huiharibu michoro. Mhifadhi huiona pombe kuwa uchafu, ilhali kwa mwenye tambiko ni hiyo iliyolifanya pango liwe pango na si ukuta. Jambo moja tu halikubishaniwa na yeyote mwenye akili: hakuna aliyependekeza twiga wale wapakwe upya ili waonekane vizuri. Ajabu ni kwamba heshima hiyo hupewa mchoraji asiyejulikana jina kwa sababu alikufa zamani, nayo hunyimwa fundi wa saruji ambaye huenda bado anakaa mtaa wa pili.

Namna ya kumpa heshima hiyo ilionekana mbali na hapa, katika nchi kame ya Karoo, Afrika Kusini. Katika kijiji cha Nieu-Bethesda, Helen Martins aliijaza nyumba yake vioo vilivyosagwa, na ua wake akaujaza sanamu zaidi ya 300 za saruji na waya: ngamia, bundi, wasafiri, wengi wakielekea mashariki, kwani mama huyo alikuwa na Makka yake moyoni. Wageni wanaiita Nyumba ya Bundi, jina ambalo msomaji wa pwani atalitamka kwa kusitasita. Alijiua mwaka 1976, na ngamia wakaanza kupasuka.

Sasa, sehemu kubwa ya ngamia na bundi hao haikujengwa na Helen Martins. Yeye aliona ndoto. Aliyekunja waya na kubandika saruji tangu mwaka 1964 alikuwa Koos Malgas, aliyekuwa mkata manyoya ya kondoo. Mwaka 1991, ilipoamuliwa kuikarabati nyumba, aliitwa yeye arudi. Huo ndio uamuzi bora uliofanywa pale, kwa kuwa Malgas alijua waya gani umepita wapi ndani ya shingo ya ngamia, na kiganja kilichoziba ufa kilikuwa kile kile kilichoubandika mwili. Alifariki mwaka 2000.

Ushairi wa Kiswahili una Malgas wake. Tungo za Muyaka bin Haji zilikuwa zikipotea Mombasa karne ya 19 alipozikusanya Mwalimu Sikujua bin Abdallah kutoka vinywani mwa watu, W. E. Taylor alizihifadhi, William Hichens akazichapa mwaka 1940. Diwani ni ya Muyaka, na ni haki iwe yake. Hata hivyo wangapi wanaoighani wanalijua jina la Sikujua?

Chang'ombe ikipata tembo wake kiwanjani, gharama ya kuandika jina la fundi kwenye unyayo, saruji ingali mbichi, ni sifuri. Huandikwa kwa msumari. Na tembo akipasuka, wa kuulizwa kwanza ni huyo mwenye jina, kabla ya duka la rangi. Koos Malgas hakuandikiwa. Athol Fugard alipotunga tamthilia yake juu ya nyumba ile, The Road to Mecca, mwaka 1984, alimweka jukwaani Bi Helen, na rafiki yake, na mchungaji wa kanisa. Wahusika ni hao watatu tu.