Andiko la Mradi na Mashine: Uhakiki wa Lugha ya Maombi ya Fedha mjini Goma

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Hata hivyo, mjini Goma, katika Kivu ya Kaskazini, upo utanzu mwingine wa maandishi unaoamua nani atapata maji na nani atayakosa. Huo ni andiko la mradi, ambalo wenyeji huliita kwa kifupi "proje". Utanzu huu ulishamiri mjini humo tangu Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia na mashirika ya misaada yakawafuata. Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma, utanzu huo ulipata mwandishi mpya, yaani mashine. Makala haya yanashikilia kwamba udhaifu unaolaumiwa leo katika maandishi ya mashine ulikuwamo katika utanzu wenyewe tangu zamani, na kwamba mashine imeuzidisha.

Umbo la utanzu

Kiini cha andiko la mradi ni jedwali la mantiki, lililobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Jedwali hilo lina ngazi nne: lengo kuu, kusudi, matokeo na shughuli, na kila ngazi ina viashiria, vithibitisho na mategemeo yake. USAID yenyewe ilikoma kuendesha misaada Julai 2025, lakini jedwali limebaki.

Kama vile shairi la kimapokeo linavyodai vina na mizani, andiko la mradi nalo hudai msamiati wake: uhamasishaji, ushirikishwaji, ustahimilivu, uimarishaji wa uwezo. Lakini mshairi hupimwa kwa anachokisema ndani ya kanuni, ilhali mwandishi wa mradi aghalabu hupimwa kwa kuzitimiza kanuni zenyewe. Utanzu wa namna hiyo ni rahisi mno kuigwa na mashine.

Sarufi isiyo na mtenda

Maneno yaliyotajwa hapo juu yote ni nomino za ngeli ya U- zilizonyambuliwa kutokana na vitenzi. Unyambuaji huo una athari zake. Katika usimulizi wa kawaida, kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi na wakati. Mkimbizi wa ndani akisema, "Walitufukuza usiku, tukaacha mihogo shambani," yumo aliyefukuza, wamo waliofukuzwa, na imo mali iliyopotea. Habari hiyo ikiingia katika andiko la mradi hugeuka "uhamaji wa kulazimishwa" na "uhaba wa chakula". Waliokimbia wametoweka, na aliyewakimbiza naye ametoweka pamoja nao.

Zaidi ya hayo, habari hiyo huvuka lugha. Mara nyingi shida husemwa kwa Kiswahili, ikaandikwa kwa Kifaransa, kisha ikaamuliwa kwa Kiingereza.

Faida na hasara za mashine

Ni haki kukiri kwamba mashine imeleta faida. Chama kidogo cha akina mama wa Majengo au Ndosho, kisicho na fedha za kumlipa mtaalamu wa kuandika miradi, sasa kinaweza kutoa andiko lenye Kifaransa sanifu na jedwali lililokamilika. Kizuizi kilichokuwa cha lugha tu kimepunguzwa, na kukilaani chombo hicho bila kulitaja jambo hili ni kutetea upendeleo wa waliosoma.

Hasara inaonekana katika maudhui. Mashine hizi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza. Kiswahili ni kichache ndani yake, na Kiswahili cha Kongo ni kichache zaidi. Kwa hiyo, zisipopewa habari za mahali, hujaza pengo kwa yale yaliyo ya kawaida kwingineko. Huweza kupendekeza vyoo vya shimo, ilhali sehemu kubwa ya Goma na kando zake ni mwamba wa lava, na ugumu wa kuuchimba ulijulikana katika kambi za 1994.

Mfano mwingine ni mazuku. Kwa neno hilo wenyeji hutaja hewa ya ukaa inayokusanyika mabondeni, isiyoonekana wala kunuka, inayoua wanyama na watu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hukaa karibu na ardhi, mtoto mdogo huwa hatarini kuliko mtu mzima. Wataalamu wa volkano duniani wamelipokea neno hilo kama istilahi yao. Andiko linalolibadilisha kuwa "hatari za kimazingira" huonekana sanifu, lakini msomaji aliye Geneva hawezi kujua kutokana nalo kwamba hema halifai kupigwa bondeni.

Hitimisho

Kuwakataza waandishi kutumia mashine hakutarudisha kilichopotea, kwa maana kilianza kupotea kabla yake. Kinachohitajika ni kubadili mpangilio wa kazi. Kwanza maelezo ya wenye shida yaandikwe kwa Kiswahili chao, vitenzi na nafsi zake vikihifadhiwa. Kisha mashine itumike kutafsiri na kupanga. Mwishowe andiko lisomwe kwa Kiswahili mbele ya waliohojiwa, nao wapewe nafasi ya kulikosoa. Wafadhili nao wadai maelezo hayo ya awali yaambatanishwe. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, hivyo dai hilo si geni. Kwa idara za Kiswahili, kazi iliyopo ni kuwafunza wanafunzi kuandika na kuhakiki maelezo ya namna hiyo kwa uzito uleule unaopewa riwaya.