Sifa za Namba Inayonyima

Katika vyote tulivyoachiwa na mafundi wa Unix, ninachokistahi kuliko vingine hakimpi mtu kitu. Andika umask kwenye kompyuta ya Linux na mara nyingi utajibiwa namba fupi: 0022. Wapo waliofanya kazi kwenye seva miaka na miaka bila kujiuliza maana yake, na mambo yao yakaenda vizuri. Hiyo nayo ni sifa ya aliyeitunga.

Kila faili lina ruhusa tisa: kusoma, kuandika na kuendesha, kwa mwenyewe, kwa kundi lake na kwa watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1. Kwa hiyo 644 ni faili ambalo mwenyewe analisoma na kuliandika, waliobaki wanasoma tu. Hayo mwanafunzi huyajua mapema. Linalosahaulika ni swali la kabla yake: hiyo 644 ilitoka wapi, wakati hakuna mtu aliyeiandika?

Ilitoka pande mbili. Programu inayozaa faili kwa kawaida huomba 666, yaani kila mtu asome na aandike. Huomba kwa ukarimu kwa sababu haijui inaendeshwa wapi wala na nani. Saraka huombewa 777, maana bila biti ya kuendesha mtu hawezi kupita ndani yake. Kisha kiini cha mfumo hutazama umask ya mwombaji na kuzima kila biti iliyotajwa humo. 022 humnyima kuandika yeyote asiye mwenyewe. 666 inabaki 644, 777 inabaki 755. Ni kifumbu: hakiongezi tui, kazi yake ni kuzuia machicha. Programu ikiomba 600, hakuna umask itakayoigeuza 644.

Wengi hufundishwa kwamba hapa kuna hesabu ya kutoa. Hakuna, na ufundi wenyewe umejificha papo hapo. Chukua umask ya 033. Kwa hesabu ya kutoa, 666 ingekuwa 633: mgeni anaruhusiwa kuandika na kuendesha faili asiloruhusiwa kusoma, kichekesho kitupu. Mfumo hautoi namba, unazima biti. Biti ya kuendesha haikuombwa, basi hakuna cha kuzima, na jibu ni 644. Hata umask legevu kuliko zote, 000, haimpi mtu zaidi ya kile programu ilichoomba.

Unix ilianza 1969 katika maabara za Bell Labs huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na umask ikatoka na Toleo la Saba mwaka 1979. Ukiitazama 022 unawaona watu wa ofisi moja: soma kazi yangu upendavyo, ila usiichezee. Naipenda roho hiyo, ingawa seva za leo hukusanya watu wasiojuana. Red Hat walimpa kila mtumiaji kundi lake peke yake, ndipo 002 ikawa salama kwa watu wanaochangia saraka. Ubuntu, katika toleo la 21.04, waliacha kuzianza saraka mpya za nyumbani zikiwa wazi kwa kila mwenye akaunti. Wapo pia wanaoweka 077 kila mahali na kujiona wamemaliza habari ya usalama. Wangoje wapandishe tovuti: seva ya wavuti inashindwa kusoma kurasa, wanaudhika, wanaandika amri ya kubadili ruhusa, chmod 777, na sasa wako pabaya kuliko walipoanzia. Mimi kwenye mashine ya watu wengi huweka 027.

Namba hii haikai kwenye faili wala kwenye diski. Hubebwa na kila programu inayoendeshwa, na programu ikizaa nyingine, mtoto huirithi. Mtoto akibadilisha yake, ya mzazi haiguswi. Ndiyo maana amri ya umask imejengwa ndani ya sheli yenyewe, yaani programu inayopokea amri zako. Ingekuwa programu ya pembeni, ingejibadilishia yake, ikamaliza kazi, na sheli isihisi chochote. (Kasoro ipo, tena ya kuchekesha: programu ilikuwa haiwezi kuuliza umask yake bila kuibadilisha kwanza, kisha kuirudisha haraka. Linux ilipata njia ya kuitazama tu mwaka 2016, katika toleo la 4.7.)

Mwenye haraka atasema: acha faili lizaliwe, nitalifunga baadaye kwa chmod. Tatizo ni kwamba Unix hukagua ruhusa wakati wa kufungua faili. Nakala ya hifadhidata ya wagonjwa ikizaliwa na 644, halafu ukaandika chmod 600, aliyewahi kuifungua katika sekunde ile ataendelea kuisoma, pamoja na mistari inayoandikwa baada ya amri yako. Kwa hiyo fundi mzoefu hutangulia, tena ndani ya mabano:

(umask 077; pg_dump zahanati > nakala.sql)

Mabano huzaa sheli ndogo, sheli ndogo inajinyima, faili linazaliwa na 600. Kazi ikiisha, sheli kubwa inaendelea na 022 yake kama kawaida.